Mkwe Aliyekimbilia Maporomokoni

"Na mwenye sahani hii yuko wapi?" Margaret aliuliza.

Sahani zilikuwa mbili juu ya mkeka, nje ya kibanda cha walinzi wa maji. Moja alikuwa akiilia mzee Mwarandu. Ya pili sima yake ilikuwa imemegwa tonge moja tu, na mvuke ungali unapanda.

"Amekwenda kuangalia bomba," mzee akajibu, macho kwenye mchuzi.

"Bomba gani hilo linaloangaliwa na tonge mdomoni?"

Florence, binti yake Margaret, alijua si bomba. Alikuwa ameona kwa macho yake. Walipotokeza tu penye kona, Ruwa aliinuka mkekani, akawatazama, akatumbukia msituni kama aliyeona ndovu. Ruwa huyuhuyu aliyemwambia asipompata yeye hatafuti mwingine!

Walijuana mwaka mzima, tangu Ruwa aliposhuka Kisauni kutengeneza bomba karibu na kanisa. Mduruma huyu kazi yake ilikuwa kulinda hodhi la Shimba, juu vilimani, katika ule msitu wa serikali ambao mnyama wake haguswi. Wazee wake walikuwa wamekwenda Kengeleni, kwao Florence hukohuko Kisauni, kuposa, na Margaret akawajibu kwamba yeye hamwozi mwanawe kwa maneno ya watu, atamwona kijana mwenyewe. Dishon, karani wa bandarini, naye alikuwa ameposa, na jibu lake alilingoja Jumapili. Margaret alimwambia binti yake waziwazi: nikirudi Kisauni sijamwona Ruwa, nampa Dishon ndiyo. Basi wakavuka Likoni, wakapanda lori la makuti, wakaja.

Mzee Mwarandu alinawa mikono, akawapeleka kuona hodhi. Lilikuwa pana, limetulia, mbingu yote imelala ndani. Akawaeleza maji yanavyoteremka mpaka mjini, akaeleza tena, kama mtu anayevuta wakati.

"Kitendawili," akasema mwishowe.

Margaret alikuwa na hasira, lakini hakuwa mtu wa kuacha kitendawili kilale. "Tega."

"Analala Shimba, anaamkia Mombasa, na miguu hana."

"Maji ya bomba. Tega kingine, na jibu lake liwe alikokwenda kijana."

Mzee akakohoa, akasema huko mbele kuna genge zuri, mtu akisimama juu yake aiona bahari. Wakaenda. Kundi la palahala, wale paa wakubwa weusi wa Shimba, likainua pembe kuwatazama. Na ng'ambo ya kundi, nani anatokeza? Ruwa. Akamwona Margaret, akageuka, akashika njia ya maporomokoni.

"Una hakika ni huyo?" Margaret akamwuliza binti yake. "Maana mimi namjua kwa kisogo tu."

Florence akajiuliza. Ana mke huku? Ana deni la damu? Au amemwona mama na nguo zake za kanisani, akaona haya? Akamwomba mama aketi na mzee pale gengeni, akateremka peke yake. Maji yalikuwa yakianguka kwa kishindo, unyunyu unapanda mpaka kwenye majani. Nyuma ya jiwe akamkuta Ruwa, amelowa mpaka magotini.

"Ruwa, una mke?"

"Nani kasema?"

"Miguu yako. Imekimbia mara mbili."

"Si umemleta mama yako."

"Nimemleta akuone."

"Ndilo hilo, Florence. Mavyaa haonwi."

Alidhani ni mzaha. Ruwa akamweleza kwamba kwao, mwanamume akishapeleka wazee kuposa, hakutani tena uso kwa uso na mama wa mchumba. Akimwona njiani, humpisha porini. Anayemkazia macho amemvua nguo.

"Leo nimekimbia kuliko nilivyopata kukimbia," akasema kwa fahari kidogo. "Nikajiambia, mama atajua anamwoza mwanawe kwa watu wenye adabu."

Florence hakujua acheke au alie. Mababu zake walikombolewa utumwani, kila mmoja na kabila lake, wakalelewa misheni, na mila nyingi zikabaki njiani.

"Kwetu mkwe huja akaketi, akanywa chai, mama akamtazama mpaka kwenye kucha za vidole."

"Yeye akiwa palepale?"

"Dishon huja kila Jumapili. Humwita mama kwa jina lake."

Ruwa akajiziba mdomo.

"Usipoonekana leo, napewa yeye," Florence akasema.

"Na nikionekana, babangu hakanyagi harusini."

Florence akapanda na habari hiyo. Margaret alimsikiliza, akamtazama mzee Mwarandu, naye akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa hiyo akinikimbia ananiheshimu?"

"Ndiyo, mama."

"Na Dishon anayenipa mkono?"

"Kwao Ruwa, huyo hana adabu."

"Basi hata sijui nimetukanwa au nimetukuzwa." Akamgeukia mzee. "Sauti yangu je, yaweza kusikiwa?"

"Sauti haina uso," mzee akasema.

Margaret akajitanda kanga kichwa chote, akaketi akiielekea bahari. Ruwa akaitwa. Akaja kinyumenyume, akasimama nyuma yake, mgongo kwa mgongo.

"Wewe Ruwa. Mwanangu akiugua, utakimbilia porini?"

"La, mama. Nitambeba mgongoni mpaka mlangoni kwako."

"Mlangoni. Na kuingia?"

"Nitapiga hodi nimefumba macho."

Mabega ya Margaret yakatikisika ndani ya kanga, na Florence hakuweza kujua ni kilio au ni kicheko.

"Mama, Dishon utamjibu nini?"

"Kwamba nimepata mkwe. Sura yake siijui."

Wakaoana Kisauni, na baba yake Ruwa alikuwapo. Margaret aliketi benchi la mbele, kanga mpaka kidevuni, uso ukutani. Watu wa Kengeleni wakadhani analia. Akina mama wawili wakamshika mabega, wakamnong'oneza ajikaze, mtoto hajafa. Florence aliwaona kutoka madhabahuni, akatamani kwenda kuwaeleza, asijue aanzie wapi. Kisha akagundua kwamba padre amekwisha kuuliza, na kanisa zima linamngoja.

"Ndiyo," akasema.