Kizibo cha Tangi

Pikapu iliishiwa nguvu katikati ya uwanda wa chumvi, jua likiwa utosini. Dereva, mumewe akiwa kando yake, alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikakohoa, mwendo ukashuka, gari likasimama.

Nyuma, kwenye godoro chini ya turubai, mama mkwe wake alikuwa amelala, mguu umevimba hadi gotini. Nyoka alimgonga asubuhi kwenye kibanda chao cha kuchimba chumvi, na dawa ilikuwa hospitalini, ng'ambo ya uwanda.

"Unaendesha au unabembeleza?" akauliza bibi kizee.

Dereva akashuka, akachomoa chujio la hewa na kulikung'uta vumbi. Gari likaenda kidogo, likazimika. Akafungua chujio la mafuta, akalipuliza kwa mdomo. Safi. Wakaenda tena, likazimika tena. Maji yaliyobaki akampa mgonjwa.

"Likipumzika linakwenda," alisema kwa hasira. "Likienda linakabwa. Nani analikaba?"

Mumewe, aliyeitwa Kiraka kwa sababu hakukubali kitu chochote kinunuliwe kipya, akatazama viatu vyake.

Mke akauona uso ule. Akaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa tangi. Kifuniko hakikuwepo. Palikuwa na kizibo cha raba ya kandambili, kimezungushiwa nailoni na kukazwa kwa waya. Alipokivuta, tangi likavuta pumzi kwa mluzi mrefu.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Kilianguka njiani. Hiki nimekichonga mwenyewe, hakipitishi hata vumbi."

"Hakipitishi hata hewa! Hewa isipoingia, mafuta yatatokaje? Mama yako anakufa kwa ajili ya kandambili!"

Akachomoa kisu, akakikatakata kile kizibo na kuvirusha vipande mbali.

"Tungekitoboa tu," Kiraka akasema polepole.

Dereva akaganda. Njia ilikuwa ya mashimo matupu, na bila kizibo mafuta machache yaliyobaki yangemwagika yote. Akajichukia kuliko alivyomchukia mumewe.

Kiraka akavua shati, akalizungusha mkononi, akapanda nyuma, akalala kifudifudi ukingoni na kuuteremsha mkono ule mpaka kwenye mdomo wa tangi.

"Funika, usikaze," mkewe akamwambia.

Akakanyaga mafuta. Safari hii pikapu ikachanganya mwendo. Kila shimo lilirusha petroli mkononi mwa Kiraka, na jua likaichoma ngozi iliyokwisha kulowa. Mkewe alimsikia akipiga kelele na hakupunguza mwendo. Mama mkwe hakutania tena, na ukimya ule ulimtisha kuliko kelele.

Jioni wakafika. Daktari akamchoma bibi sindano, akasema wangechelewa zaidi kidogo wangekuja na maiti. Muuguzi akaubandua mkono wa Kiraka kwenye shati. Ngozi ilitoka na kitambaa.

"Kwa nini hukuniambia kifuniko kimepotea?" mke akauliza.

"Ungefoka."

Alitaka kukataa. Alikumbuka kisu.

"Ningefoka," akakubali. "Siku nyingine niambie hivyo hivyo."

Kitandani mama mkwe akafumbua jicho moja. "Mfokee sasa, mwanangu. Mimi nikipata nguvu nitamalizia."

Mke akafungua kinywa afoke, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa tele. Akautazama ule mkono mwekundu, akaangua kilio.