Ngozi Huletwa na Shingo Yake

Magunia yote ya jelatini yalikuwa yametoweka, na kufuli la ghala halikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Inspekta Anatole Asukulu wa polisi ya upelelezi, Baraka, aliinama, akalichunguza, akainuka. Mlango ulikuwa mzima, na dirisha zima. Sakafuni, unga uliomwagika ulichora njia hadi mlango wa nyuma, unaotazama ziwa.

"Nani aliyetoa taarifa?"

"Njo miye, Shefu," alijibu Godelieve, msimamizi wa masufuria ya kuchemshia jelatini, mwanamke mpana asiyeogopa mtu. "Nimefungua asubuhi, nikakuta depo iko tupu. Nikakimbia kwenu mbele ya kumwambia Mama Hawa. Mupaka sasa iko ananinunia."

Inspekta aliliweka neno hilo moyoni. Mwenye mali aliyeibiwa, kisha akamnunia aliyeita polisi?

Ulikuwa mwaka wa 2000. Vita vilikuwa vimeifunga barabara ya Uvira, na boti za dawa hazikutegemewa tena. Baraka nzima iliishi kwa kiwanda kidogo cha Mama Hawa Ayubu, mfamasia, aliyejaza kwinini katika kapsuli za jelatini iliyochemshwa kutokana na ngozi za ng'ombe waliochinjwa kwa sheria ya Kiislamu. Waislamu walizimeza bila shaka yoyote. Wakristo walizimeza kwa sababu ziliponya. Shaka ikiingia, akina mama wangezitupa hata zile nzuri zilizokuwamo nyumbani, na homa za masika zilikuwa zimekwisha kuanza.

Mama Hawa alimpokea ofisini amesimama wima.

"Kiwanda kitaendelea," alisema kabla hajaulizwa.

"Kwa jelatini ipi?"

"Nimekijaribu, Shefu. Kabla vita havijafunga njia za ngozi, nilizifunga mimi mwenyewe, moja moja. Juma hili napiga marufuku mzigo wa ngozi wa Lweba, juma lijalo wa milimani. Kisha natazama masufuria. Njia ambayo ikifungwa masufuria yanapoa, hiyo ndiyo udhaifu wetu, nami naitafutia akiba."

"Na sasa ipi ndiyo imara?"

"Ya Bibokoboko. Ya mdogo wangu Swedi. Haijakatika."

"Kiangazi chote walikuwa wanapigana kule. Mimi mwenye sare na bunduki nilishindwa kupanda. Swedi alipitia wapi na ngozi kichwani?"

Mama Hawa aligeuza uso kuelekea dirishani.

Swedi alikuwa mchinjaji aliyeidhinishwa na msikiti. Alikaa mbele ya Inspekta hapo hapo ofisini na kofia yake safi, akitabasamu.

"Shefu, unatafuta jelatini ao unanitafuta mi?"

"Chochote kitakachotangulia kuonekana. Una ufunguo wa ghala?"

"Haiko. Iko na dada yangu na Godelieve. Muulize huyu Mukatoliki, pengine amepikia bapadri mchuzi."

"We Swedi!" Godelieve alifoka kutoka mlangoni. "Mapadri bangekula gundi yako, bangeshindwa kuimba misa!"

Hata askari wa zamu alicheka. Inspekta hakucheka.

"Ng'ombe uliwachinjia wapi?"

"Bibokoboko. Kwa mukono wangu."

"Twende tukazione ngozi zilizobaki."

Kiwanda kilikuwa na desturi moja isiyovunjwa: ngozi huletwa na shingo yake. Mchinjaji haruhusiwi kuikata sehemu ile, ili kila aipokeaye aone mahali kisu kilipopita. Ngozi zilizobaki zilining'inia kivulini nyuma ya jengo, kila moja na shingo yake, na kila shingo na mkato wake ulionyooka.

"Unaona?" alisema Swedi.

Inspekta hakuitazama shingo. Baba yake alikuwa mchinjaji wa Lweba. Aliigeuza ngozi ya kwanza upande wa ndani, akaiinua juani. Mishipa ilitambaa humo kila upande, myeusi, imejaa damu iliyoganda. Aligeuza ya pili, ikawa vilevile. Katika ya tatu alipitisha kidole kwenye tundu la risasi, chini kidogo ya bega.

"Ng'ombe aliyechinjwa akiwa hai humwaga damu yake, na mishipa ya ngozi hubaki mitupu. Ng'ombe hawa walikuwa wamekwisha kufa. Shingo ulizikata baadaye."

"Shefu..."

"Aliwapiga nani?"

"Basoda ba vita." Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Banapiga ng'ombe ya bantu ba vijiji kule chini ya milima, banakula nyama, banatupa ngozi. Mi nikaokota."

"Kwa nini?"

Swedi alimwinulia uso dada yake, aliyekuwa amewafuata.

"Mbele ya bazee wa musikiti ulisema: njia zote zinakatika, ya Swedi haikatike. Banakuja kunishika mukono. Ningerudi mikono mitupu ningesema nini? Kwamba ya Swedi nayo imekatika, kama ya kila muntu?"

"Ungesema hivyo hivyo," alijibu Mama Hawa.

Inspekta alimgeukia.

"Na wewe uligundua lini?"

"Juzi, baada ya jelatini ya kwanza ya ngozi hizi kukauka, nilipoona tundu la risasi kwenye ngozi iliyobaki. Kapsuli zote zilizotoka nje ni za akiba ya zamani, safi. Jelatini ya mizoga hii haikujaza hata moja." Alivuta pumzi. "Niliibeba mwenyewe nikaimwaga ziwani. Nilitaka kunyamaza. Nilimwogopea huyu, nikaliogopea na jina la kiwanda. Godelieve akanitangulia kwenu."

"Kutupa mali yako si wizi. Kumficha mdanganyifu ni kosa."

"Niandike."

Swedi alimshika mkono. "Dada, tuseme ni basoda baliiba! Baraka yote itaamini. Nani atauliza?"

Ilikuwa kweli. Hakuna ambaye angeuliza. Inspekta mwenyewe alingoja jibu.

"Askari wameiba mengi," alisema Mama Hawa. "Hili hawakuiba. Nami sitamlisha mtu uongo ili ameze dawa. Shefu, mchukue huyu. Mimi utanikuta kesho sokoni."

Kesho yake Mama Hawa aliamuru moto wa masufuria uzimwe. Akasimama sokoni mbele ya umati, akasema yote: ngozi, mizoga, mdogo wake aliye mahabusu, jelatini iliyo ziwani.

"Sina kapsuli mpya mpaka nipate ng'ombe aliyechinjwa kwa haki. Nina kwinini. Nitawapa ndani ya karatasi. Ni chungu. Mtaimeza."

"Na hizi za nyumbani?" aliuliza mama mmoja, Pulchérie, mtoto mwenye homa mgongoni.

"Ni safi. Mwenye shaka azirudishe."

Manung'uniko yalipanda. Wawili watatu walitema mate na kuondoka. Ndipo Bibi Husna, mjane wa muadhini, akajipenyeza mbele. Alitoa kapsuli kwenye pindo la kitenge, akaipasua kwa kucha, akaumwaga unga kiganjani, akaulamba. Uso wake ulikunjamana kama ndizi iliyokaushwa.

"Chukua kiganda chako," alimwambia Hawa, akimwekea mkononi. "Dawa tumekunywa. Kwani sisi tulikuwa tunakula maganda?"

Godelieve alipiga kigelegele. Pulchérie alimshusha mtoto, akanyoosha kiganja. Nyuma yake watu walianza kujipanga.

Inspekta Anatole alipita kiwandani akiwa na hati ya mashtaka ya Mama Hawa mkononi. Aliingiza mkono katika sufuria kubwa. Ilikuwa baridi. Akatazama nje, kwenye mstari wa watu uliotoka sokoni ukafika hadi ukingo wa ziwa, kisha akaenda akasimama nyuma ya wa mwisho.