Kinyozi na Viwavi wa Mndimu

Kinyozi alipenda usafi kupita kiasi. Wateja walimsifu kwa hilo. Chumba chake cha kunyolea, mbele ya nyumba, hakikuwa na unywele hata mmoja sakafuni. Wembe ulifutwa kwa spiriti. Mashine ilifutwa kwa spiriti. Hata kitasa cha mlango kilifutwa kwa spiriti.

Mkewe hakumsifu. Alikuwa mshonaji, na watu walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka. Yeye ndiye aliyeishi na huo usafi. Akidondosha uzi, mumewe yuko nyuma yake na ufagio. Akiweka kikombe mezani na kugeuka kidogo, kikombe kimeshaoshwa, na chai ilikuwa bado imo. Sasa jamani, mtu atakunywa chai lini?

Msimu huo mama yake Kinyozi alikuwa amehamia kwao. Kabla ya hapo alikuwa akiishi peke yake, akaanguka jikoni, akavunjika mkono. Alilala sakafuni kutwa nzima mpaka jirani alipomkuta. Kinyozi alimleta nyumbani kwake, akaapa kwamba mama harudi kuishi peke yake tena. Mama Pindo aliapa vilevile. Alimpenda mama mkwe wake, ingawa ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi.

Tatizo ni kwamba mwenyewe hakutaka kukaa.

"Mkono ukipona naondoka," alisema. "Kwangu nikifungua dirisha naona vipepeo. Hapa nafungua dirisha naona ndoo."

"Mama, na ukianguka tena?" aliuliza Mama Pindo.

"Nitaanguka nikitazama kitu kizuri."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Mama Pindo alikwenda kununua miche ya maua. Akachagua waridi zilizojaa petali nyingi, na maua mengine, mche mmoja wa kila aina. Akayapanda kwa mstari kando ya ukuta, karibu na bomba, ili asihangaike kumwagilia. Kisha akarudi kwenye cherehani kusubiri vipepeo.

Hawakuja. Aliyekuja ni Kinyozi na mkasi.

Mama Pindo alisikia kwacha, kwacha, kwacha. Alipotoka, maua yote yalikuwa yamelingana urefu.

"Umefanya nini, baba watoto?"

"Yalipishana," alisema Kinyozi. "Nimeyaweka sawa."

"Hayo ni maua. Si kichwa cha mteja."

"Kitu kikiwa sawa kinapendeza."

Mama Pindo alirudi ndani akashona mkono wa blauzi kwa hasira. Akaushona kinyume, ikabidi aufumue.

Maua yakachipua tena, lakini vipepeo hawakuonekana. Mama mkwe alikaa dirishani akasema, "Bado naona ndoo. Tofauti ni kwamba sasa ina maua pembeni." Hospitali wakamtoa plasta ya mkono. Akaanza kujaribu mkono kwa kuinua sufuria, na akatangaza kwamba mvua zikikatika anakwenda zake. Mama Pindo alichoka. Alichoshwa na mama mkwe, alichoshwa na mume, na hao vipepeo wenyewe walimchosha zaidi ya wote.

Siku moja akaja mteja kupunguziwa sketi kiunoni. Alikuwa mtaalamu wa kilimo wa eneo lile, na watu walimwita Bibi Shamba. Mama Pindo alimpima huku akilalamika. Alilalamika mpaka mteja akasema, "Hebu nipeleke nikaione hiyo bustani."

Walipofika uani, Bibi Shamba alitazama ukuta, akatazama juu. "Hapa jua linafika saa ngapi?"

"Sijui. Halifiki sana."

"Kipepeo hapendi baridi. Mwili wake unapata joto kutoka kwenye jua, ndipo anaweza kuruka vizuri. Na hizi waridi, petali zake zimebanana. Kipepeo ana mrija mdomoni wa kunyonyea utamu ulio ndani ya ua. Hapa mrija utapita wapi?"

Mama Pindo alikunja uso. "Mbona aliyeniuzia hakusema?"

"Ulimwambia ni kwa ajili ya vipepeo?"

Hakumwambia.

"Wewe ni fundi," Bibi Shamba aliendelea. "Unakata kitambaa kabla ya kupima?"

"Hata siku moja."

"Sasa bustani umeipandaje kabla ya kupima?"

Hilo lilimchoma Mama Pindo, kwa sababu lilikuwa kweli. Papo hapo walisikia pshi, pshi kutoka pembeni, uani humohumo. Kinyozi alikuwa amesimama kando ya mndimu wao, chupa ya spiriti mkononi, anapulizia majani. Miguuni pake palikuwa na bakuli la maji ya sabuni, na ndani yake viwavi wanaelea.

"Naua wadudu," alieleza kwa fahari. "Mke wangu alisema majani yanatoboka. Kila siku nawatoa kwa brashi ya kunyolea."

Bibi Shamba aliinama juu ya bakuli.

"Hawa ndio vipepeo," alisema.

"Hawa ni viwavi."

"Kipepeo anataga mayai kwenye mndimu. Yai linatoa kiwavi. Kiwavi anakula majani, anakua, kisha anajifunga kwenye kifuko, na ndani ya kifuko anageuka kuwa kipepeo. Ukiwaua hawa, umewaua vipepeo kabla hawajaota mabawa."

Mama Pindo alimtazama mumewe. Mumewe alitazama bakuli.

"Wamekuwa wakija siku zote," alisema Mama Pindo polepole. "Mama anafunga mizigo, mimi nahangaika na waridi, na wewe unawaua kwa sabuni."

"Wewe ndiye uliyesema majani yanatoboka."

Na kweli alisema. Hapo ndipo hasira ilipompanda mpaka kichwani, maana hakujua amgombeze nani.

Basi walianza upya. Mama Pindo alichukua chaki yake ya kushonea, akawa anatoka asubuhi, mchana na jioni, anachora alama kwenye ukingo wa saruji, mahali jua lilipofika. Alitafuta pia pahali ambapo ukuta ulizuia upepo, kwa sababu kipepeo ni mwepesi, upepo humsumbua. Akapanda huko alizeti fupi na kosmosi, maua yaliyofunguka wazi. Hakupanda mche mmojammoja tena. Alipanda kila aina kwa fungu, ili kipepeo alione kwa mbali. Mrihani wa jikoni akauacha utoe maua. Kando akaweka jiwe bapa la vipepeo kuotea jua, na sahani ya mchanga wenye maji kidogo wanywe bila kuzama.

Kinyozi alipewa kazi ya kutunza sahani. Aliuosha mchanga kwa sabuni.

"Maji matupu," alisema mkewe. "Na spiriti ibaki kwenye chumba cha kunyolea. Na dawa yoyote ya wadudu, usiilete hapa."

"Majani je, yaliyotobolewa?"

"Yaache."

"Yote?"

"Yote, baba watoto."

Kinyozi aliteseka. Alipita karibu na mndimu akiangalia upande mwingine. Viwavi walirudi, kwanza wadogo, wenye rangi ya kinyesi cha ndege, kisha wakawa wanene na kijani. Walikula upande mmoja wa mti mpaka ukabaki vijiti. Baadaye wakatoweka, na kwenye matawi pakaonekana vifuko vilivyofanana na majani makavu. Mara mbili Mama Pindo alimkuta mumewe kavishika vifuko hivyo kwa vidole viwili, tayari kuving'oa, na mara mbili akamwondoa hapo.

Mvua zikakatika. Asubuhi moja mama mkwe aliita kutoka uani, na wote wawili walitoka mbio wakidhani ameanguka.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano alikuwa ametua kwenye alizeti. Mwingine alikuwa kwenye jiwe, anafungua na kufunga mabawa. Wa tatu alizunguka mndimu, anagusa jani, anaondoka, anagusa jingine.

"Huyo anataga," alisema Mama Pindo.

Mama mkwe alitazama muda mrefu. Kisha akakunja uso.

"Mndimu mmoja hautoshi," alisema. "Angalia walivyoumaliza. Mwakani tupande wa pili."

Kinyozi alifungua mdomo kusema kitu. Mkewe alimkanyaga mguu.

"Tuupande wapi, mama?" aliuliza Mama Pindo.

Mama mkwe alinyoosha mkono uliopona, akaonyesha.