Makofi ya Casilda Berrueta

Kisigino cha kiatu cha Casilda Berrueta kilinasa kwenye ngazi za stesheni ya treni ya Sol, saa ile ambayo Madrid nzima huwa imekubaliana kupita mlango mmoja. Nyuma yake watu walinung'unika kwa adabu, kisha bila adabu. Aliyeinama kumnasua alikuwa kijana mwembamba, suti ya kijivu iliyochakaa, glavu nzuri kupita kiasi.

"Wewe ni yule wa mwisho kushoto kwenye kwaya," alisema, kiatu kikiwa mkononi. "Jana ulianza kabla ya wenzako."

"Wenzangu ndio waliochelewa."

"Wote?"

"Nirudishie kiatu changu, bwana mkosoaji."

Hivyo ndivyo mapenzi makubwa huanza: tusi dogo, na mguu mmoja peku.

Kijana huyo, Fermín Ocaña, aliuza glavu katika duka la mjomba wake, na hakukosa onyesho hata moja la jumba alimoimba Casilda. Alikaa juu kabisa, karibu na dari. Casilda naye alikuwa akipanda. Kutoka kwaya alipewa sehemu ya mjakazi mchekeshaji, kisha ya dada wa bibi harusi, hadi akaanza kunong'onwa kuwa mwimbaji mkuu ajaye. Sarsuela ni mchezo ambao watu wakichoka kuongea huimba, na wakichoka kuimba huongea, na Casilda aliyaweza yote mawili. Kila alipomaliza wimbo, makofi yalimwagika kutoka juu kama mvua ya mawe kwenye bati, na kiongozi wa okestra akarudisha kurasa nyuma ili urudiwe.

Kila mara, kesho yake, Fermín alipiga simu. Simu ilikuwa ukutani, kwenye ukumbi wa nyumba ya wapangaji, na kila ilipolia Doña Eufrasia, mwenye nyumba, alikumbuka vumbi la kufuta papo hapo.

"Jana nilikuwaje, kipenzi?"

"Mtamu kama andazi la churro lililotoka kwenye mafuta sasa hivi. Ila ile noti ya juu uliifikia kwa kupanda ngazi."

"Mkorofi wewe! Na makofi yale?"

"Makofi ni makofi," alisema Fermín haraka. "Kikohozi kimepona?"

"Kimepona!" Doña Eufrasia alijibu kwa sauti kubwa. "Kwa supu yangu!"

Msiba uliingia kupitia mkahawa. Don Benigno Palomeque, mzee mwenye viganja vipana kama sinia, alikuwa mnyapara wa wapiga makofi. Kila jumba la maonyesho lilikuwa na kikosi chake huko juu, watu walioingia bure ili mkuu wao akiinua kidole waanze kushangilia, na umma ufuate. Casilda aliwajua, kama kila mtu alivyowajua. Jina la kijana mmoja tu wa kikosi hicho ndilo hakulijua.

"Fermín wako?" Don Benigno alimwambia Casilda siku moja mkahawani, akichovya mkate kwenye kahawa. "Fundi yule! Nimemlea mwenyewe. Akianza yeye, hata maiti hupiga."

Safari hii aliyepiga simu alikuwa Casilda.

"Kwa hiyo ulikuwa kazini."

"Nilikuwa naingia bure, Casilda. Ningekuonaje kila siku?"

"Na yule Leocadia wa Zaragoza, anayeimba kama mbuzi, naye ulimpigia?"

"Sana," alisema Fermín, ambaye hakujua kusema uongo. "Mkuu aliinua kidole."

"Sasa mimi nitajuaje kama najua kuimba?"

Kwa mara ya kwanza Doña Eufrasia akafuta vumbi kwelikweli, jambo lililowashangaza wapangaji wote.

Jumapili alasiri Casilda angeimba kwa mara ya kwanza kama mwimbaji mkuu, na mwenye jumba moja la maonyesho la Valencia angekuja kumsikiliza. Umma ukitaka wimbo urudiwe, angempa kazi ya msimu mzima huko. Casilda akamwendea meneja, akataka kikosi cha Don Benigno kifungiwe nje. Meneja alijishika kichwa, lakini akakubali.

Kwa Fermín aliacha ujumbe dukani: ukija, nunua tiketi, na mikono yako uikalie.

Alitoka jukwaani na gauni jekundu la damu ya mzee, shali ya hariri yenye mashada marefu, kitana kirefu kwenye nywele. Aliimba wimbo wake mkuu hadi mwisho.

Kimya.

Si kwamba waliuchukia. Tangu enzi za babu zao watu wale walikuwa wakianziwa, na sasa hakuna aliyejua pa kuanzia. Nyuso ziliinuka kutazama juu. Juu kulikuwa kutupu. Kanali mmoja mwenye masharubu alikuwa ametenganisha viganja vyake, tayari kabisa, akingoja shujaa. Kiongozi wa okestra alikagua fimbo yake kama aliyeletewa si yake.

Casilda alimwona Fermín kwenye viti vya kulipia, mikono chini ya mapaja, uso mwekundu kama pilipili, jasho likimtiririka. Kofi moja tu lingemwokoa. Hakupiga. Casilda alimchukia kwa moyo wake wote.

"Jamani, mmekufa?" Mwanamke mmoja mnene, mwuza samaki kwa sauti na kwa harufu, alisimama kule nyuma, leso usoni. "Imba tena, binti! Mie nalia hapa sijamaliza!"

Jumba likalipuka. Kanali akakutanisha viganja vyake hatimaye. Kurasa zikarudishwa nyuma.

Fermín alimngojea kwenye mlango wa wasanii.

"Mwanamume gani wewe! Kofi moja tu!"

"Uliniambia niikalie. Imekufa ganzi yote miwili, tazama."

"Na kuimba?"

"Ubeti wa pili uliukimbia. Mara zote mbili." Akaitazama mikono yake. "Wa kwanza… sijui. Nilisahau kwamba nimekalia mikono."

Casilda alikuwa ameshapewa maua mengi maishani, lakini si sifa kama hiyo. Alijipangusa macho kwa shali.

"Nimepewa Valencia. Msimu mzima. Twende."

"Valencia kuna joto. Nani atavaa glavu?"

"Utauza mapepeo."

Fermín aliifikiria biashara ya mapepeo kwa makini, kama mtu anayefikiria jambo jingine kabisa.

"Tufunge ndoa kabla ya safari, au baada?"

"Kabla. Nisije nikaimba vibaya kule, ukabadili mawazo."

"Utaimba vibaya mara mojamoja," alisema Fermín. "Nitakuambia."

"Ole wako usiponiambia."

Akamshika mkono wenye ganzi, wakaenda kumtafuta mjomba, ambaye alikuwa bado hajui kwamba amepoteza mwuzaji.