Sanamu Isiyo na Pua

"Kinubi, lori limefika wapi?"

"Linateremka Savona, Mnara. Niko nyuma yake."

Ersilia Vallarino, jina lake la kijasusi Kinubi, alibadili gia. Gari lake la Lancia likanguruma kando ya bahari.

"Sikiliza. Filamu ya michoro ya manowari zetu imefichwa ndani ya sanamu moja. Zipo tano. Mnunuzi wa sanamu hizo, Wendt, ana marafiki ubalozini. Umeruhusiwa kuvunja moja tu."

"Nikikosea?"

"Filamu inapanda meli. Na mfinyanzi anaozea gerezani. Sanamu ni zake, na wakubwa wanataka mtu wa kumfunga."

Akazima redio.

Mfinyanzi mwenyewe, Nevio, alikuwa ndani ya lori akizisindikiza kazi zake. Jana, Ersilia alipojifanya mteja, Nevio alimkatia farinata ya moto, mkate wa unga wa dengu, na kumjazia divai. Mkarimu kupita kiasi.

Ukarimu wa namna hiyo humtia jasusi shaka.

Akalipita lori. Akafunga njia kwenye lango la forodha.

Wendt alishuka kutoka kwenye lori na glavu zake nyeupe, akitabasamu kwa meno tu.

"Bibie, humu hamna vyungu vya maharage. Hii ni sanaa ya kisasa."

"Zishusheni."

"Taratibu, dada!" Nevio alipiga kelele. "Udongo huu umestahimili moto mkali, lakini sakafu hauiwezi!"

Zikapangwa juu ya turubai. Moja kama wimbi lililoganda. Moja kama fundo la mizizi. Tatu hazikufanana na kitu chochote alichokiumba Mungu.

"Hujui hata juu ni wapi na chini ni wapi," Wendt alicheka.

"Ndiyo maana nitazipindua zote."

Kicheko kikakatika.

Ersilia alizaliwa Albisola, katikati ya matanuru ya wafinyanzi. Akapitisha kidole chini ya sanamu ya kwanza. Tundu dogo. Ya pili, tundu. Ya tatu na ya nne, vilevile.

Ya tano ilikuwa laini kama shavu.

"Fundi, pua ya hii iko wapi?"

Nevio aliinama. Uso ukamsawijika. "Niliitoboa mwenyewe! Yenye tumbo tupu isipopumua hupasuka tanuruni. Mpumbavu gani ameiziba kwa plasta?"

"Mtu asiyewahi kukesha mbele ya tanuru."

Mkono wa Wendt ukazama ndani ya koti.

Bastola ya Ersilia, Beretta, ilikuwa tayari imemwelekea kifuani.

"Utoe. Mtupu."

Askari wa forodha wakamshika. Ersilia akaazima nyundo, akafanya ishara ya msalaba. Bwana, uongoze mkono wangu.

Pigo moja.

Mkebe mdogo wa filamu ulibingirika kutoka kwenye vigae, ukasimama kwenye kiatu cha Wendt.

Ersilia akaingiza mkono dirishani mwa gari lake, akawasha redio. "Mnara, mzigo upo. Mfinyanzi hana hatia."

"Una hakika?"

"Mama haizibi pua ya mwanawe."

Nevio alikuwa amepiga magoti, akiokota vigae kimoja kimoja. "Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, dada."

"Najua. Niwekee farinata Jumapili, baada ya misa. Nitakuja kukuomba radhi."

Akavaa miwani ya jua, akaurudia usukani wake. Nyuma yake, Wendt alikuwa bado anadai kumpigia simu balozi.