Diski ya Tatu

Trei ya mashine ile ilifunguka yenyewe kabla haijachomekwa kwenye umeme. Bwana Vipimo, fundi wa redio na video, alikuwa amepiga magoti chini ya meza akitafuta soketi. Akasikia mlio mdogo juu ya kichwa chake, na alipoinuka akaikuta trei iko nje. Mtu mwingine angetoka mbio. Yeye alifungua daftari, na chini ya neno "Kasoro" akaandika: Trei imelegea.

Ndivyo alivyo, na jina lile hakupewa bure. Nyumbani kwake hata chai ilipimwa joto, na mtoto alipimwa uzito kila Jumamosi kwenye mizani ya bafuni. Kwa hiyo mwenye duka la kompyuta alipotaka mtu wa kumjaribia mashine mpya, hakuhangaika kutafuta. Mashine za kuchomea DVD nyumbani ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia, na watu walisema zinaharibu diski ovyo.

"Wiki moja tu, fundi," alisema mwenye duka. "Niandikie ripoti, halafu unitilie na diski moja ya mfano, wateja waione."

Fundi makini hujaribu kwa picha ileile kila mara, ili tofauti ikitokea ajue imetoka kwenye mashine. Bwana Vipimo akachagua tepu ya dakika sita. Ndani yake binti yake wa pekee, Kadogo, mwenye miaka mitano, amesimama juu ya stuli anahesabu hadi ishirini. Akifika kumi na sita anarukia kumi na nane, mama yake anamwambia ameacha moja, naye anaangua kicheko mpaka stuli inayumba. Hakuwa na tepu aliyoipenda kama ile, na hapo ndipo alipokosea.

Diski ya kwanza ilitoka ya moto, inanuka nywele zilizoungua. Lakini picha yake, weee! Akaandika: Kicheko kinasikika vizuri kuliko kwenye tepu.

Kesho yake mkewe alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba Kadogo, huyu mtoto hajacheka tangu jana."

"Amechoka tu."

"Nimemtekenya. Ananitazama kama sijamgusa."

Diski ya pili ilikuwa ya ile aina inayofutika na kuandikwa upya, maana ripoti lazima itaje aina zote. Mchana huohuo Kadogo alikwenda kuomba maji, midomo ikacheza, sauti haikutoka. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima kabisa. Na baba mtu, Mungu amsamehe, waliporudi kutoka hospitali alikaa akachoma diski ya tatu. Ripoti ilitakiwa asubuhi, naye alikuwa amechanganyikiwa, hana jingine analoliweza ila kazi yake. Akaipeleka dukani pamoja na ripoti iliyoisha kwa neno moja: Inafaa. Mashine yenyewe ilibaki mezani kwake.

Jumamosi akaileta mizani sebuleni, akampandisha mtoto. Wiki iliyopita kilo kumi na tisa. Leo kumi na tano.

Alasiri, mama na mtoto wakiwa wamejilaza, alitamani kuisikia sauti ya mwanawe, hata kama ni kwenye televisheni. Akaiweka diski ya pili kwenye deki ya DVD. Kadogo wa kwenye diski akahesabu kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, bila kuruka, bila kucheka, kisha akageuza uso polepole akamtazama yeye pale kwenye kiti, macho hayapepesi, na nyuma ya stuli, mahali ambapo siku ile hapakuwa na kitu ila ukuta, vidole virefu vikatokea kimoja kimoja vikamshika mtoto mabegani, na ile harufu ya nywele ikajaa sebuleni ingawa mashine ya kuchomea ilikuwa imezimwa tangu juzi.

Akaitoa diski, akaiweka tepu yenyewe. Stuli ilikuwa tupu. Sauti ya mkewe ikasema, "Umeacha moja," na hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Shangazi wa mkewe aliwahi kuwa mtoa majini mashuhuri, akastaafu kwa sababu ya magoti. Alifika jioni hiyohiyo, akainusa mashine, akarudi nyuma.

"Umemnakili mara ngapi?" alinong'ona.

"Tatu, shangazi."

"Basi umelilisha mara tatu."

"Lipi hilo?" mke akauliza.

"Usinitajishe, mwanangu. Lipo hapa linatusikiliza." Akazitazama diski mbili mezani. "Ipi inafutika?"

"Hii ya pili tu. Nyingine zikishaandikwa zimeandikwa."

"Ifute, kilichomo kirudi kwa mwenyewe. Hizo nyingine zisivunjwe. Zikivunjika, kilichomo kinapotea moja kwa moja."

Kufuta kulichukua nusu saa. Shangazi alisoma anayoyasoma, mama alimkumbatia mtoto, na mashine ikaguna, ikakwaruza, ikaanza kuhesabu kwa sauti ya Kadogo kutoka ndani kabisa ya kasha, moja, mbili, tatu, ikifika ishirini ikianza upya, kila mara kwa haraka zaidi, hata fundi akashindwa kuvumilia, akaukimbilia mkonga wa simu akampigia mwenye duka.

"Fundi wangu! Mtoto wako anahesabu kama mwalimu! Kila anayenunua mashine nampa nakala yake."

"Umetoa nakala ngapi?"

"Tisa zimeshaondoka. Ya kumi inachomwa sasa hivi."

"Izime!"

"Niizime iharibike? Si wewe uliyeandika kwenye ripoti, ikishaanza isiguswe?"

Bwana Vipimo alikumbuka neno la shangazi. Iachwe imalizike, au iharibike na kilichomo kipotee?

Nyuma yake trei ikafunguka. Harufu ikakatika.

"Limetoka humu," shangazi alisema, jasho likimtiririka.

Kadogo akakohoa. "Baba," akaita, kwa sauti yake mwenyewe, na mama yake akaangua kilio cha furaha.

"Naam, mwanangu!"

"Mbona niko kwenye nyumba za watu?"

Mkonga ukiwa bado sikioni na waya umevutwa mpaka mwisho, baba aliisogeza mizani kwa mguu, akamsimamisha mtoto juu yake. Kilo tisa. Akafungua daftari ukurasa mpya.

"Nitajie waliozichukua. Majina yao, wanakoishi, wote."

"Majina?" mwenye duka alicheka. "Fundi, mteja akishalipa anakwenda zake, nani amwulize jina? Subiri kidogo... haya, ya kumi hii imetoka. Safi kabisa."

Mshale wa mizani ukashuka, ukasimama kwenye nane.