Vumbi la Chini ya Miavuli

Asubuhi ile Mama Miche alikuwa na ufagio mkononi. Mwisho wa mwezi mama mkwe angekuja kukagua kitalu alichomwachia. Na tazama! Kila kopo la miche ya ndimu lilikuwa na mmea bapa wa kijani uliolala juu ya udongo kama kiraka. Juu yake vilisimama vimiavuli vidogo. Maji yalishindwa kupenya, miche ikanyong'onyea.

"Nafagia makopo haya kila siku, wifi, na mmea huu unazidi! Nitaambiwa sina mkono wa kazi."

Wifi yake, mwalimu wa sayansi, aliinama akagusa mwavuli mmoja. Vumbi la manjano likabaki kidoleni.

"Ufagio wako ndio unaoupanda," alisema.

"Ati nini?"

"Mmea huu hauna maua wala mbegu. Chini ya mwavuli mna vifuko. Ndani yake, seli moja hugawanyika mara mbili na kuwa nne. Kila moja ni spora, na imebeba nusu tu ya urithi wa seli mama. Vifuko vikikauka hupasuka. Ukifagia, spora zinarukia makopo mengine. Zikipata unyevu, zinaota: seli moja inakuwa mbili, mbili nne, mpaka kiraka kizima."

"Masikini mimi! Kumbe namlisha adui kwa jasho langu!"

"Hana sumu, usiogope. Anapenda maji tu, nawe unamnywesha asubuhi na jioni."

Wakaanza kazi. Walilowesha miavuli kidogo ili vumbi lisiruke. Wakabandua viraka kwa kijiko, wakavitia katika mfuko wa plastiki na kuufunga. Juu ya udongo wakaweka mchanga wa chengachenga, ili pakauke upesi. Tangu hapo Mama Miche alichomeka kidole udongoni kwanza. Udongo ukiwa mkavu, ndipo alipomwagilia.

Mama mkwe akaja. Alipita kopo moja moja, akichungulia. Miche ilikuwa imesimama, majani yanang'aa.

"Ufagio niliokuachia uko wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Nimeupeleka jikoni, mama. Ulikuwa unatupandia ule mmea." Akamweleza yote.

Mama mkwe aliketi juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi. "Mimi nimefagia hivyo tangu mumeo hajazaliwa! Nikidhani miche inanyauka kwa kijicho cha majirani!"

Mama Miche akashusha pumzi ndefu, naye akacheka.

"Haya, mwanangu," mama mkwe alisema akijifuta macho, "nipe hicho kijiko. Naona kimwavuli kule pembeni."